Yethro Alitazama Kwanza

Mahubiri kwa wanaokwenda ng'ambo kufundisha afya, na kwa wanaowatuma

Ndugu zangu katika Bwana, na ninyi vijana mliokwisha kufunga mizigo, somo letu limo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Mgeni anaingia kambini jangwani. Jina lake Yethro, kuhani wa Midiani, mkwewe Musa. Huyu si Mwisraeli. Hakuonja utumwa wa Misri wala hakuvuka bahari pamoja nao. Anapokewa kwa heshima, wanajuliana hali, anaingizwa hemani. Anasimuliwa yote yaliyowapata watu njiani, naye anasikiliza mpaka mwisho. Anakula mkate pamoja na wazee. Kesho yake anamtazama Musa akiamua mashauri ya watu, na watu wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Ndipo anapofungua kinywa. Amekwisha kusikiliza, amekwisha kula nao, amekwisha kutazama kutwa nzima. Sasa anamwambia mkwewe kwamba mwendo huu utamchosha yeye na kuwachosha watu wake.

Na shauri lake ni lipi? Hasemi, nipisheni niketi mimi. Hasemi atawaletea waamuzi kutoka Midiani. Anataka wachaguliwe watu wa kambi ile ile, waaminifu, wanaochukia rushwa, wawekwe juu ya maelfu, na mamia, na hamsini, na makumi. Sura inapokwisha, Yethro amekwenda zake nchini kwake, na kazi inaendelea bila yeye.

Nimelichagua somo hili kwa sababu kizazi chenu kimepewa nafasi ambayo sisi hatukuipata. Enzi zetu aliyekuja kujitolea alitoka Ulaya au Marekani, nasi tulikuwa wa kupokea. Leo muuguzi wa Mbeya anavuka kwenda Malawi, bwana afya wa Kisumu anakwenda Sudan Kusini, binti wa Kampala anapelekwa Sierra Leone. Umoja wa Mataifa una kikosi chake cha watu wa kujitolea tangu 1970, na Umoja wa Afrika ulianzisha cha vijana wake mwaka 2010. Makanisa yetu nayo yanatuma. Namshukuru Mungu kwa hilo, tena namshukuru kwa sauti kubwa! Lakini sisi ndio tuliokaa miaka mingi kwenye viti vya mbele vya semina za wageni. Sisi tunajua ladha ya kufundishwa na mtu asiyejua jina la mto unaotupa maji. Tukienda kwa wenzetu tukawafanyia yale yale, tutajitetea kwa lipi?

Neno langu leo ni moja. Ukienda ng'ambo kuanzisha elimu ya afya, hukuitwa uwe mwalimu wa kijiji kile. Mungu amekwisha kuweka walimu humo kabla hujazaliwa. Umeitwa kuwatafuta, kuwatia nguvu, na kuwapisha.

Twendeni Mexico. Magharibi ya nchi ile, katika jimbo la Sinaloa, iko milima ya Sierra Madre, na milimani kuna kijiji kiitwacho Ajoya. Katikati ya miaka ya 1960 alifika pande zile Mmarekani mmoja, David Werner. Hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa biolojia. Aliwakuta watu wakarimu, maskini, walio mbali na hospitali, wanaozika watoto kwa maradhi yanayozuilika. Akarudi na dawa, akaanza kusaidia kwa kadiri alivyojua. Angeweza kuishia hapo. Angeweza kuzeeka akipendwa, akibebewa kuku na mayai, akiitwa daktari na watu wasio na mwingine wa kumwita hivyo. Wangapi wameishia hapo!

Lakini kazi ile, iliyokuja kuitwa Mradi wa Piaxtla, ilishika njia ya Yethro. Wanavijiji wenyewe, wengi wao wenye miaka michache tu ya shule, walifundishwa wakawa wahudumu wa afya. Wao wakaendesha kliniki. Wao wakawafundisha wenzao wa vijiji vya mbali milimani. Madaktari wa kutoka nje walipokuja waliombwa wafundishe badala ya kutibu. Hebu fikirini unyenyekevu unaotakiwa hapo: mtu amesoma miaka saba, anapanga foleni ya kumfundisha mkulima kushona jeraha, na jeraha mwenyewe haligusi. Katika kazi hiyo kilizaliwa kitabu ambacho wengi wenu mmekishika mkononi, Mahali Pasipo na Daktari, kilichotoka kwa Kihispania mwaka 1973 na kwa Kiingereza mwaka 1977, na leo kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 80, Kiswahili kikiwamo. Mizizi yake iko kwa wakulima wa mahindi wa Ajoya.

Sasa tazameni walivyofundisha, maana hapa pana utajiri. Mtoto anayeharisha huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Mgeni mwenye haraka atachora mchoro wa utumbo, ataandika maneno marefu ubaoni, atauliza kama wote wameelewa, na wote wataitikia ndiyo kwa adabu. Ajoya walichukua kibuyu. Wakakitoboa tundu upande wa chini na kulitia kizibo. Juu wakakata uwazi, wakaufunika kwa kitambaa chepesi kilicholowa, pawe utosi wa mtoto. Wakakichorea macho na mdomo. Wakakijaza maji, wakawapa watoto wa shule, wakawaambia wachomoe kizibo. Maji yakatoka kwa chini, na kadiri yalivyopungua, kile kitambaa kikabonyea. Utosi ukadidimia mbele ya macho yao! Hapakuwa na haja ya hotuba. Mtoto wa miaka tisa akajua kwa nini utosi wa mdogo wake umezama, akajua kwamba maji yanayotoka lazima yarudishwe kwa kiasi kile kile, akakimbia nyumbani kumwambia mama yake. Na mama yule hakusikia habari hizo kwa mgeni. Alizisikia kwa mwanawe, jikoni kwake.

Kibuyu hakikununuliwa. Hakikuhitaji umeme wala mfadhili. Siku mgeni alipoondoka, vibuyu viliendelea kuzaa mashambani.

Na wale wahudumu hawakuishia kwenye kibuyu. Waliendelea kuulizana kwa nini. Kwa nini mtoto huyu aliharisha akapona, na yule akaharisha akafa? Kwa sababu yule alikuwa amedhoofu kwa njaa. Kwa nini ana njaa, na baba yake analima mahindi? Kwa sababu msimu wa kupanda ghala huwa tupu, baba hukopa kwa tajiri mwenye ardhi, na mavuno yakija hulipa mara mbili au mara tatu ya alichokopa, hata ghala linabaki tupu tena. Basi wahudumu wa afya wakawakusanya wakulima wakaanzisha benki ya mahindi ya ushirika, mtu akope kwa riba ndogo na mtoto wake ale. Wanawake nao wakacheza maigizo hadharani kuhusu ulevi wa waume na vipigo vinavyoufuata, wakapinga baa isifunguliwe kijijini. Mtaniuliza, Mchungaji, je, benki ya mahindi ni elimu ya afya? Ndiyo, ndugu zangu, ni elimu ya afya iliyokomaa! Lakini mgeni wa wiki mbili mwenye projekta asingeuona mkopo ule. Hakuna mkulima anayemtajia mgeni deni lake siku ya kwanza. Aliyeuona ni yule ambaye baba yake mwenyewe alikopa.

Hapa nataka kusema kwa uchungu. Bwana wetu aliwakasirikia walimu wanaowatwisha watu mizigo ambayo wao hawaibebi. Nenda usimame mbele ya mama anayechota ndoo moja mwendo wa saa mbili, umwambie anawe mikono kwa sabuni na maji yatiririkayo kila atokapo chooni, kila kabla ya kupika, kila kabla ya kunyonyesha, kila amalizapo kumsafisha mtoto. Mwambie achemshe maji yote ya kunywa, na kuni ananunua. Mfunulie bango la mlo kamili lenye samaki, yai, parachichi na glasi ya maziwa. Kisha umwombe apige makofi. Umemfundisha nini mama huyo? Umemfundisha kwamba yeye ni mama mbaya. Alikuja akiwa na mtoto mgonjwa, sasa amerudi nyumbani na mtoto mgonjwa na aibu juu yake. Fundisho lisilotendeka kwa mkono wa anayefundishwa ni hukumu, na wewe hukutumwa kuhukumu. Bora ukae miezi mitatu ukisaidia kuchimba kisima, bila kutamka neno moja juu ya sabuni.

Wapo waliojua kufundisha linalotendeka, na habari zao zinafaa kuhubiriwa. Mwaka 1968, katika maabara ya kipindupindu mjini Dhaka, Bangladesh ya leo, ilionyeshwa kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunyweshwa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo sahihi. Vitabu vya madaktari vilikuwa bado vinategemea dripu. Ikaja vita ya uhuru wa Bangladesh mwaka 1971, mamilioni ya wakimbizi wakaingia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon, Dk. Dilip Mahalanabis aliona chupa za dripu zikimwishia na watu wamelala sakafuni. Akaagiza chumvi na glukosi vichanganywe kwenye maji, yakawekwa katika mapipa, na vikombe wakapewa ndugu za wagonjwa. Mama akamnywesha mwanawe, mume akamnywesha mkewe. Kambi iliyokuwa ikipoteza karibu wagonjwa 30 katika kila 100 ikashuka chini ya 4. Fikirini ni nani walioifanya kazi ile. Ni wakimbizi, watu waliokimbia na nguo za mwilini, ambao hakuna aliyewaita wahudumu wa afya.

Bangladesh ilipopata uhuru, shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed, lilichukua maarifa yale likajiuliza yatafikaje katika kila jiko la nchi ambako mama hana mizani wala kipimo cha lita na pengine hajui kusoma. Jibu wakalikuta katika mkono wake mwenyewe. Chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole vitatu, konzi ya sukari guru, na maji ya nusu lita hivi. Kuanzia 1980, baada ya majaribio, wanawake waliofundishwa kazi hiyo walitembea nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba mama alichanganya kwa mkono wake, mbele ya macho yao, mpaka akapatia. Kufikia 1990 walikuwa wamebisha hodi katika nyumba zaidi ya milioni 12.

Wengi husimulia habari hii wakaishia kwenye hizo milioni 12. Mimi nataka mjifunze yaliyotokea katikati. Kwanza, walimu wale hawakulipwa kwa idadi ya nyumba walizopita. Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine alirudi kwa baadhi ya wale akina mama, akawauliza wanakumbuka nini, akawaomba wachanganye tena. Ujira wa mwalimu ukafuata alichokikumbuka mama. Loo, laiti semina zetu zingelipwa hivyo! Laiti posho ingetoka mwezi mmoja baadaye, kwa kadiri mama anavyokumbuka, badala ya kutoka mlangoni kwa kutia sahihi!

Pili, hata baada ya hapo waligundua kwamba akina mama wanakumbuka vizuri ila ni wachache wanaotumia. Mtu wa majivuno angelaumu ujinga wa watu. Wao walikwenda kuuliza. Wakakuta kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini yale maji. Wakiumwa tumbo wao walikimbilia vidonge. Wakakuta pia kwamba waume hawakuambiwa lolote, na mume asiyeelewa humtuma mkewe kununua dawa dukani. Basi wakawafundisha walimu upya mpaka wakaamini, kisha wakawaendea wanaume masokoni na misikitini. Kijana wangu unayekwenda, nakuuliza mbele za Mungu: lile unalokwenda kufundisha, wewe unalitenda? Mwanao akiharisha leo usiku, utamchanganyia maji au utatafuta bodaboda ya kwenda duka la dawa? Kama huliamini, watu watakusoma usoni kabla hujamaliza salamu.

Niseme sasa habari nzito, iliyotokea kwa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, mashariki ya Congo, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Chanjo ilikuwapo, nayo ilifaa. Wataalamu walikuwapo, magari yalikuwapo. Hata hivyo Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, na tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekwenda kusaidia, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Alikuwa Mwafrika aliyevuka mipaka kuwahudumia Waafrika, kama mnavyotaka kufanya ninyi. Damu yake ni ya thamani, na yeyote atakayelitumia neno langu kuwatetea wauaji wake amenisikia vibaya.

Lakini yalikuwapo maswali ambayo watu wasio na silaha, akina mama na wazee wa Beni na Butembo, waliyauliza mapema sana. Miaka mingi tumechinjwa usiku, mbona magari haya hayakuja? Watoto wetu wanakufa kwa malaria na surua, mbona hamkuuliza? Na ni kweli kwamba wakati huo huo surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Congo, na haikupata hata nusu ya kelele. Maswali yale hayakuwa ujinga. Yalikuwa kilio cha mtu anayetaka kujua kama unampenda yeye au unauogopa ugonjwa wake usikufikie. Mwalimu wa afya asiyeweza kukaa chini ya kilio hicho mpaka kiishe hana somo lolote litakalosikika baada yake.

Na kazi ilisonga mbele pale wenyeji waliposhika mahali pao. Maziko yalikubalika zaidi pale familia ilipopewa nafasi ya kuona, kuomba na kuaga, na wachungaji na mashehe wa pale pale waliposimama kaburini. Waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliingia kuwatunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtu aliyetoka kitandani mwa mauti amembeba mtoto wa jirani yake na kumwimbia kwa Kiswahili cha kwao! Ni mhadhara gani ungeshinda ushuhuda huo?

Nasi kwetu tunayo habari ambayo inanihuzunisha kuona vijana hawaijui. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 redio ilifundisha juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu, na watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda wiki ile ile: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa ngazi kwa ngazi, wa juu akimfundisha wa chini yake, na washiriki walikaribia milioni 2. Mnasikia hayo maelfu, na mamia, na makumi? Taifa lililokuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi lilikuwa karibu sana na shauri la Yethro. Kiongozi wa kikundi alikuwa mkulima mwenzao, akisoma kwa kugotagota, mbele ya majirani waliomjua tangu utotoni. Ukifika ng'ambo ukashindwa pa kuanzia, wasimulie wenyeji wako habari hiyo, kisha uwaulize wao walifanyaje zamani. Kila nchi ina yake.

Basi ufikapo, usiitishe mkutano. Nakusihi, mwezi wa kwanza usiitishe mkutano wowote! Nenda kwa mwenyekiti ujitambulishe, nenda zahanati ukawasalimu wauguzi na kuwauliza wanahitaji nini, maana hao walikuwapo kabla yako na ukiwapita watakuwa na haki ya kukukataa. Kisha tembea. Keti kwa mkunga wa jadi, kwa muuza duka la dawa, kwa mganga wa kienyeji, kwa mwalimu wa chekechea, kwa mama lishe. Kula unachopewa. Na kila unapoketi uliza swali moja: mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, unamkimbilia nani? Ukisikia jina moja kwa watu wengi, umempata uliyetumwa kwake. Pengine hajui kusoma. Pengine ana ukali. Pengine ni mwanamke ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja, maana wanaoitwa ni wale wale siku zote. Mwendee. Usimwendee kumpa kazi. Mwendee umwombe akufundishe.

Jifunze maneno yao. Usidhani kwamba kwa kuwa unasema Kiswahili na wao wanasema Kiswahili basi mmekwisha kuelewana; maneno ya ugonjwa, ya mwili na ya aibu hubadilika kila mto unapovuka, na anayeona haya hatakusahihisha.

Kisha chagueni jambo moja. Wachague wao. Kama wamechagua kuhara nawe ulikuja na mpango wa kisukari, funga mpango wako. Wafundishane kwa vitu vya pale, kibuyu, kijiko, kidole, na pale panapohitaji usahihi uwe mkali kama mfamasia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na kuonja kwanza, kwa maana chumvi ikizidi ile ya machozi inaweza kumdhuru mtoto. Huo si wakati wa kuona haya. Yule mama akikosea chumvi mbele ya watu, sema pale pale, kwa adabu, lakini sema. Na msifundishe dalili za hatari kabla hamjahakikisha kwamba zahanati itafunguliwa. Mama aliyefundishwa kwamba kupumua kwa haraka na kushindwa kunyonya ni hatari, akakimbia usiku na kukuta kufuli, hatawasikiliza tena, na nani atamlaumu?

Mwezi wa tatu, mpishe. Aseme yeye, wewe uteke maji ya kuonyeshea. Atasema kwa njia ambayo wewe usingeisema, atarefusha, atachanganya na habari za shangazi yake, na moyo utakuwasha kunyanyuka ukamalizie. Kaa! Omba kimya kimya, na ukae.

Sasa nawageukia ninyi wazee wa kanisa, mnaoketi katika kamati ya kumtuma kijana huyu, msije mkadhani mahubiri haya ni ya vijana peke yao. Fungueni bajeti mliyoiandika. Nauli ya ndege imo. Bima imo. Posho ya kujikimu imo. Fulana mia moja zenye jina la usharika zimo. Yuko wapi mwanamke atakayebaki? Yule atakayeamshwa usiku, atakayeacha shamba lake kupita nyumba kwa nyumba, mmemwandikia nini? Mmemwandikia fulana. Maandiko yanasema wazi kwamba ujira uliozuiliwa wa mfanyakazi hulia, na kilio chake humfikia Bwana wa majeshi. Wenye dunia hii wamekwisha kulikubali: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwamba wahudumu wa afya ya jamii walipwe kwa kazi yao, na mwaka 2023 Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 vijijini na mitaani kwa ahadi ya malipo ya kila mwezi na mkoba wa vifaa. Ni kidogo, na wengi wao wamelalamika kwa kucheleweshewa, lakini ni zaidi ya fulana. Je, kanisa liwe la mwisho?

Jumapili hii, kamati itakapoketi baada ya ibada, kabla ya kupitisha tiketi, mmoja wenu na asimame. Aulize kwa jina la Yesu: yule ambaye hatujamjua jina bado, huko tunakomtuma kijana wetu, tumemtengea kiasi gani, na kwa miaka mingapi baada ya kijana wetu kurudi? Kama hakuna fungu, acheni kukata tiketi. Chukueni fedha ya fulana, chukueni fedha ya mabango, ongezeni sadaka ya mavuno, andikeni fungu hilo kwanza. Na kama mwaka huu halitoshi, kijana na angoje mwaka ujao.